RANGI HAITIBU UKUTA MGONJWA
Mazungumzo ya fundi wetu wa rangi kwa wanachama wa ushirika

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama, kabla ya kuamua matengenezo ya ghala letu la korosho. Tumeyaandika hapa ubaoni ili asiyekuwepo ayasome. Anayesoma amsomee na mwenzake asiyejua kusoma.)

 

Nimeambiwa niseme habari ya rangi. Najua wengi mmekuja mkitaka kusikia rangi ipi nzuri na debe ni bei gani. Hayo tutafika. Lakini kwanza niseme neno moja, na atakayelisahau lingine lolote asilisahau hili: rangi haitibu ukuta mgonjwa. Rangi ni nguo. Mtu mwenye kidonda ukimvika kanzu mpya, kidonda hakiponi, na kanzu inachafuka.

Tena ugonjwa wa ukuta ni mmoja tu kwa sehemu kubwa, nao ni maji.

PESA ZINAKUJA NA MVUA

Sisi huku Lindi tuna tatizo letu. Korosho tunaziokota kuanzia Septemba au Oktoba mpaka Desemba, na pesa tunazishika miezi hiyo hiyo. Mvua nazo zinaanza Novemba au Desemba. Basi mtu akipata malipo yake anakwenda mjini, anarudi na debe la rangi, anapaka Desemba. Ukuta wakati huo umeshakunywa maji ya mvua za mwanzo. Rangi inaufunika, maji yanakosa pa kutokea, yanaisukuma. Ikifika Machi rangi imevimba kama mkate. Ikifika Juni inabanduka kama ngozi ya nyoka. Mwenye nyumba analalamika kauziwa rangi mbovu. Mara nyingi rangi si mbovu, wakati ndio mbovu.

Miezi ya kupaka ni Julai, Agosti na Septemba. Ukuta umekauka, jua si kali mno, na vumbi la mavuno bado. Basi pesa ya korosho tuigawe mara mbili. Nusu ya kwanza tuitumie mara moja kwenye bati na mfereji, maana hivyo ndivyo vinavyopigana na mvua. Nusu ya pili tuiweke akiba ushirika mpaka Julai, ndipo tununue rangi. Kununua rangi Desemba na kuiweka uvunguni miezi saba si busara. Debe likishafunguliwa linaharibika, na hata ambalo halijafunguliwa haliendi vizuri kwenye joto.

KUPIMA UKUTA

Utajuaje ukuta una maji? Usitumie kiganja peke yake, kinadanganya. Kata kipande cha nailoni, nusu mita kwa nusu mita. Kibandike ukutani kwa solotepu pande zote nne, pasiwe na mwanya. Kiache siku moja mpaka mbili, kisha kiangalie. Ukiona matone upande wa ndani, ule unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani: usipake. Ukiona matone upande wa nje, unaotazama chumbani, hewa ya chumba ndiyo nzito: fungua madirisha. Pakiwa pakavu kotekote, anza kazi.

Kuna ule unga mweupe unaotoka chini ya kuta. Watu wanauita fangasi. Mara nyingi si fangasi hata kidogo, ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, yanabeba chumvi ya udongo, yakifika juu yanakauka na chumvi inabaki. Usiuoshe kwa maji, utairudisha ndani. Ufagie kwa brashi kavu, uuzoe, uutupe mbali. Halafu utafute maji yanaingilia wapi.

Maji yana njia nne, zizungukieni nyumba zenu leo jioni mkaziangalie:

Ya kwanza, paani. Tundu la msumari wa bati ni dogo, lakini mvua za miezi mitano zinapita hapo hapo.

Ya pili, upenu mfupi. Upenu ukitokeza chini ya sentimita 60, mvua inapiga ukuta, na maji ya paa yanaanguka karibu na kurusha matope ukutani. Ukiona mstari mwekundu wa matope chini ya ukuta wako, ndiyo habari yenyewe.

Ya tatu, udongo uliopanda. Tunafagia uwanja kila siku tukisukuma taka ukutani. Baada ya miaka kumi udongo umeufunika msingi na umeegemea ukuta. Chimba, uondoe, ardhi iteremke kwenda mbali na nyumba.

Ya nne, maji ya kazi zetu wenyewe: mtungi uliowekwa ukutani, bafu la nyuma lisilo na mfereji.

Kazi hizi haziuzwi dukani. Zinataka jembe na mikono. Lakini bila hizo, kila shilingi ya rangi ni shilingi iliyotupwa.

NYUMBA ZA UDONGO NA SARUJI

Niseme na wenye nyumba za miti na udongo, na za tofali mbichi, maana ndio wengi. Mnashawishiwa mpige lipu ya saruji ili nyumba iwe ya kisasa. Jamani, ngojeni kidogo. Udongo unavimba ukipata unyevu na unasinyaa ukikauka. Saruji haifanyi hivyo, ni ngumu. Wakifungwa pamoja, mmoja anacheza na mwingine amekakamaa, lazima waachane. Unatokea ufa, maji yanaingia kwenye ufa, hayawezi kutoka. Nyuma ya saruji udongo unageuka tope na huoni kitu. Siku ukiona, kipande kizima kinaanguka.

Ukuta wa udongo ukandikeni kwa udongo. Chukua udongo, mchanga na nyasi kavu zilizokatwa fupi. Jaribu kwanza vipande vitatu vidogo ukutani, kila kimoja na kipimo chake: kimoja mchanga kiasi sawa na udongo, cha pili mchanga mara mbili, cha tatu mara tatu. Vikikauka vitazame. Kilichopasuka kimezidi udongo. Kinachopukutika ukikisugua kwa mkono kimezidi mchanga. Kile kilichotulia ndicho kipimo chako. Kila shamba lina udongo wake, usinakili cha jirani.

Juu yake paka chokaa. Ukuta wa udongo chini ya chokaa unapumua.

CHOKAA SI UMASKINI

Najua wapo wanaosema chokaa ni ya maskini na rangi ya mafuta ni ya waliofanikiwa. Nawauliza: mmefika Kilwa Kisiwani? Ni mkoa huu huu wetu. Kuna Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule. Paa limekwenda, watu wamekwenda, lakini kuta nyingine zimesimama mpaka leo, na mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia. Hiyo ndiyo chokaa mnayoidharau.

Chokaa inafanya kazi hivi. Jiwe la chokaa likichomwa kwa moto mkali, kiasi cha digrii 900, linatoa hewa yake ya kaboni. Ukilitia maji linachemka na kuwa unga au uji. Ukiupaka ukutani, unavuta tena ile hewa iliyotoka, na pole pole unarudi kuwa jiwe. Ndiyo maana chokaa haibanduki kama gamba: inashikana na ukuta wenyewe. Tena ni kali, kuvu haipendi kukaa hapo. Lakini matumbawe ya baharini tusiyachome, ndiyo nyumba ya samaki wetu. Tununue ya mfuko.

Namna ya kuitengeneza: chukua chokaa ya mfuko iliyokwisha kuzimwa, kilo 1 kwa lita 1 ya maji. Mimina chokaa ndani ya maji, usimimine maji juu ya chokaa. Koroga, funika, iache ilale usiku mzima. Asubuhi ichuje kwa kitambaa, ongeza maji kidogo kidogo mpaka iwe kama maziwa. Ukipenda ishike zaidi, tia chumvi kilo 1 kwa mfuko wa kilo 25, uiyeyushe kwanza kwenye maji. Ila kama ukuta wako una ugonjwa wa chumvi, au kuna chuma karibu, usitie.

Lowesha ukuta kidogo kwa maji kabla ya kupaka. Paka nyembamba. Ikiwa mbichi utaona ukuta kama hauna kitu, usiogope, itakuwa nyeupe ikikauka. Siku ya pili paka tena, na ya tatu tena. Mikono mitatu au minne myepesi ni bora kuliko mkono mmoja mzito, maana mzito unapasuka na kutoka unga. Usipake jua la saa sita, fuata kivuli kinavyozunguka nyumba.

Na hapa sikilizeni vizuri: chokaa inaunguza. Vaa miwani au kitu cha kukinga macho, vaa nguo ya mikono mirefu, weka ndoo ya maji safi karibu. Ikiingia jichoni usifikiche. Mwagia maji safi mfululizo, dakika 20 na zaidi, kisha zahanati mara moja. Watoto wasikae karibu. Na ile chokaa hai isiyozimwa, inayochemka, mwachieni fundi anayeijua.

WENYE KUTA ZA SARUJI

Lipu mpya ya saruji imwagilieni maji asubuhi na jioni siku saba, isikauke kwa haraka. Halafu muiache ikauke wiki nne kabla ya rangi. Wiki nne, si siku nne. Saruji mbichi ina ukali kama wa magadi. Mnajua sabuni inapikwaje? Mafuta na magadi. Basi ukipaka rangi ya mafuta juu ya saruji mbichi, unapika sabuni ukutani kwako. Inakuwa laini, inanata, inabanduka.

Ikishakauka, piga msasa, futa vumbi. Mkono wa kwanza wa rangi ya maji uchanganye na maji kidogo, uingie ukutani. Mkono wa pili usiongeze kitu. Anza juu kwenda chini: dari, kuta, milango, sakafu mwisho.

Kujua rangi kiasi gani, usikisie, pima. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mzunguko wa mita 14. Ukuta ukiwa na kimo cha mita 2.5, unapata mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Mikono miwili ni 64. Kwenye ukuta wetu wenye mikwaruzo, lita 1 hesabu mita za mraba 8 kwa mkono mmoja. Basi chumba hicho kinataka lita 8. Ukuta laini sana lita moja inafika mita 10 au zaidi. Mkiwa na hesabu hii mkononi, hakuna atakayewauzia debe la lita 20 kwa chumba kimoja.

Mlango wa mbao msiusahau ukingo wa juu na wa chini. Hapo ndipo mbao inapokunywa maji, na hapo ndipo kila mtu hapaki kwa kuwa hapaonekani. Chuma kisugueni kutu kwa brashi ya waya, pakeni rangi ya kuzuia kutu kwanza, ndipo rangi ya urembo. Matambara yenye mafuta ya rangi msiyakunje na kuyarundika pembeni. Yanaweza kupata joto yenyewe mpaka yakawaka moto. Yaanikeni nje, yakauke yakiwa yametandazwa.

RISASI NDANI YA RANGI

Sasa neno la watoto wetu. Rangi za zamani, hasa za mafuta zenye kung'aa, nyingi zilitiwa madini ya risasi, na baadhi ya rangi bado zimekutwa nayo hata miaka hii. Risasi ni sumu. Mtoto akila gamba la rangi au akivuta vumbi lake, inadhuru ubongo, na madhara yake hayarudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Jambo hili si geni: mwaka 1921 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, Geneva, ulipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika rangi za ndani ya majengo. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Kiwango kinachoshauriwa leo na mashirika ya Umoja wa Mataifa ni kisizidi sehemu 90 katika milioni.

Basi tufanye haya. Tukinunua, tutazame debe lina alama ya TBS na maandishi kwamba haina risasi. Debe lisilo na jina wala alama, hata likiwa rahisi, liacheni dukani. Rangi ya zamani msiikwangue kavu wala kuichoma kwa moto. Iloweshe kwa maji, kwangua ikiwa imelowa, tandika nailoni chini, kusanya magamba yote, uyatupe mbali na kisima na kuku. Watoto na mama wajawazito wasiwemo ndani mpaka pasafishwe kwa kitambaa kilicholowa. Mkitoka kazini, nawa kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

GHALA LETU

Nimalizie na ghala, maana ndilo lililotuita hapa. Nimesikia pendekezo la kupaka ghala rangi ya mafuta ya kijani, nje na ndani, lipendeze wanunuzi wakija. Mimi si mwenyekiti, mwenye kuamua ni mkutano. Ila nimeupima ukuta wa mashariki kwa nailoni. Matone yako upande wa ndani. Upenu wa upande ule ni mfupi, na udongo umepanda juu ya msingi. Tukipaka mafuta, ghala litang'aa Oktoba, na korosho zitalala kando ya ukuta wenye maji. Korosho ikipata unyevu inaota kuvu, na yenye kuvu inashuka daraja. Hasara hiyo haitamwangukia fundi, itaangukia kila mwenye gunia humu ndani.

Ushauri wangu ni huu: kwanza tuchimbe mfereji na kuondoa udongo, kazi ya siku mbili za kujitolea. Pili turefushe upenu wa mashariki na kuziba matundu ya bati. Tatu tungoje ukuta ukauke, tuupime tena. Nne tupake chokaa ndani na nje, na rangi ya mafuta iwe ya milango na madirisha tu. Magunia yakae juu ya vichanja, yasiguse ukuta, mtu aweze kupita kati. Pesa itakayobaki irudi kwenye mfuko.

Mnunuzi anatia mkono ndani ya gunia. Rangi ya ukuta hailipi.

MASWALI

Bibi mmoja aliuliza: Mimi nimeshapiga saruji juu ya udongo, nivunje?
Jibu: Hapana, Bibi yangu, usivunje leo. Gonga kwa kifundo cha kidole. Panaposikika uwazi, kama ngoma, hapo pameachana. Ondoa hapo tu, ukandike udongo, upake chokaa. Palipo imara paache, ila uondoe maji chini ya ukuta.

Kijana aliuliza: Naweza kupaka chokaa juu ya rangi ya mafuta?
Jibu: Haitashika, mwanangu. Chokaa inataka ukuta unaokunywa. Kwangua kwanza, na uikwangue ikiwa imelowa kama nilivyosema.

Mama mmoja aliuliza: Nina pesa ya kitu kimoja tu, bati la upenu au rangi. Ninunue nini?
Jibu: Bati, mama. Rangi itakungoja. Mvua haingoji.

(Mkutano ulikubali mfereji na upenu vifanywe kwanza, na ukuta upimwe tena kabla ya kununua chochote. Kila kaya ilete jembe moja na karai moja. Aliye na nailoni safi ya kupimia aiache kwa Katibu.)